Otunga: Mwana wa chifu aliyekataa kiti cha babake akachagua altare

MSAFIRI anayetoka mjini Kisii kuelekea Rongo na Migori hupitia Suneka, kituo cha biashara katika eneo la Bonchari ambako milima ya Abagusii huanza kuteremka polepole kuelekea nchi ya Waluo. Ni njia yenye migomba, mashamba madogo yaliyobanana na makanisa ya madhehebu mbalimbali, kila moja likiwa na waumini wake na historia yake.

Kati ya mwaka wa 1960 na 1969, njia hiyo ilikuwa katikati ya eneo la uchungaji la askofu kijana ambaye hakuwa Mgusii wala Mluo. Alikuwa Mbukusu kutoka Bungoma, mwana wa chifu aliyeheshimika na kuogopwa. Angetaka, angekuwa na ng'ombe, mashamba, wake na watu wa kumwamkia kwa heshima kila asubuhi. Aliyaacha hayo yote kwa hiari yake ili awe kasisi.

Jina lake lilikuwa Maurice Michael Otunga. Wakenya wengi humkumbuka kama Kadinali wa kwanza kutoka nchi yao na Askofu Mkuu wa Nairobi kwa zaidi ya robo karne. Wasiokumbukwa sana ni Wakatoliki wa Kisii na Nyanza Kusini, ambao ndio waliokuwa kundi lake la kwanza, kabla ya kofia nyekundu na kabla ya jina lake kuvuka mipaka ya Kenya.

Maisha yake yana jambo la kushangaza. Aliukimbia utawala, na utawala ukamfuata hadi madhabahuni. Alikataa kiti cha uchifu, akapewa kiti cha askofu, kisha cha askofu mkuu, kisha akawekwa miongoni mwa wachache wanaomchagua Papa. Jaribio lake kubwa, kwa hivyo, halikuwa siku ile alipomwambia babake kwamba hataki urithi. Lilikuwa miaka iliyofuata, wakati raha aliyoiacha nyumbani ilipobisha hodi tena ikiwa imevaa joho la Kanisa.

Ukoo wa watawala

Otunga alizaliwa Januari 1923 katika kijiji cha Chebukwa, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Bungoma. Babake alikuwa Chifu Sudi Namachanja na mamake aliitwa Rosa Namisi. Alipewa jina la Simiyu, jina ambalo Wabukusu humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa msimu wa kiangazi.

Ili msomaji wa leo aelewe uzito wa uamuzi wa kijana huyo, yafaa akumbuke chifu alikuwa nani enzi za ukoloni. Chifu ndiye aliyekusanya kodi ya serikali. Ndiye aliyetoa vijana wa kwenda kufanya kazi za barabara na za mashamba ya walowezi. Mbele yake ndipo kesi za mipaka ya mashamba, za mahari na za mifugo zilipoamuliwa. Aliyekuwa na shida alikwenda kwake, na aliyekuwa na kosa alijificha asimwone. Katika nchi ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kushika madaraka makubwa, uchifu ulikuwa karibu kilele cha yote ambayo mwana wa mwananchi angeweza kutamani.

Sudi alikuwa mume wa wake wengi na baba wa watoto wengi, kama ilivyotarajiwa kwa mtu wa hadhi yake. Boma lake halikukosa chakula wala wageni. Namachanja, ambaye Sudi alibeba jina lake, naye alikuwa ametawala kabla yake. Kwa hivyo mtoto aliyeonekana kuwa na akili na utulivu katika ukoo huo hakutazamwa kama mtoto wa kawaida. Alitazamwa kama mtu ambaye siku moja angeshika fimbo ya babake.

Wamishonari wa Kikatoliki wa shirika la Mill Hill, ambalo makao yake yalikuwa Uingereza, walikuwa wameeneza kazi yao magharibi mwa Kenya tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Walifungua shule, na shule hizo ndizo zilizomvuta kijana Simiyu. Alibatizwa mwaka wa 1935, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akapewa jina la Maurice Michael. Babake wakati huo hakuwa Mkristo.

Hapakuwa na ajabu katika chifu kumpeleka mtoto wake katika shule ya misheni. Machifu wengi walifanya hivyo kwa sababu walitambua kwamba mtawala wa kesho angehitaji kusoma na kuandika. Tatizo lilizuka pale ambapo mtoto hakukomea kwenye kusoma na kuandika.

Kukataa urithi

Otunga aliingia seminari ndogo ya Kakamega, na baadaye akavuka mpaka kwenda Uganda katika seminari kuu ya Gaba, karibu na Kampala, ambako makasisi wa Kiafrika kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki walikuwa wakifunzwa falsafa na teolojia. Sudi alitaka mwanawe arithi uchifu. Mwana alikataa.

Kukataa huko hakukuwa jambo la mtu mmoja. Kwa Wabukusu, kama ilivyo kwa Abagusii na jamii nyingine nyingi za eneo hilo, mwanamume aliyetahiriwa hutarajiwa kuoa, kuzaa na kuliendeleza jina la waliomtangulia. Mtoto humwita babu yake aliyekufa arudi nyumbani kwa kubeba jina lake. Anayefariki bila mtoto huhesabiwa kuwa moto uliozimika. Kasisi wa Kikatoliki haoi wala hazai. Kijana huyo basi hakuwa anakataa kiti tu. Alikuwa anakubali kwamba hakuna mtoto ambaye angemwita baba kwa damu, na alikuwa anamwomba mzazi wake akubali hasara hiyo pamoja naye.

Isitoshe, miaka hiyo dini ya wazungu ilikuwa suala lenye moto katika nchi ya Wabukusu. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa ameanzisha Dini ya Msambwa, iliyowataka watu warudie ibada za mababu na kuwafukuza wageni. Februari 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na watu 11 wakauawa. Wakati damu hiyo ikimwagika karibu na nyumbani kwao, Otunga alikuwa Roma, katika Chuo Kikuu cha Kipapa cha Urbaniana, akisomea upadri.

Ni rahisi leo kumsifu kwa uamuzi wake. Wakati ule, mtu mwenye nia njema kabisa angeweza kumwuliza ni kwa nini mwana wa chifu awaache watu wake wakiwa katika dhiki na kwenda kujifunza Kilatini ng'ambo. Swali hilo halikuwa la kipumbavu. Otunga hakulijibu kwa hotuba. Alilijibu kwa kurudi nyumbani na kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 40.

Alipewa daraja takatifu la upadri jijini Roma mnamo Oktoba 3, 1950, mikononi mwa Kadinali Pietro Fumasoni Biondi, aliyekuwa akisimamia kazi za kimisheni za Kanisa lote. Aliporejea Kenya alikuwa mwalimu katika seminari, akiwafunza vijana waliotaka kufuata njia aliyoipitia yeye mwenyewe.

Kuanzia 1953 hadi 1956 alifanya kazi Mombasa katika ofisi ya mjumbe wa Papa. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipambana na Mau Mau na maelfu ya Wakenya wakizuiliwa kambini. Mwafrika kukabidhiwa kazi katika ofisi ya mwakilishi wa Papa wakati huo lilikuwa jambo lisilo la kawaida, na wengi waliona kwamba Kanisa lilikuwa likimtayarisha kwa wadhifa mkubwa zaidi.

Hawakukosea. Novemba 1956 aliteuliwa Askofu Msaidizi wa Kisumu, chini ya Askofu Frederick Hall wa Mill Hill. Aliwekwa wakfu Februari 25, 1957 na Askofu Mkuu James Knox, mjumbe wa Papa aliyekuwa amemhudumia Mombasa. Akiwa na umri wa miaka 34, Otunga akawa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa askofu wa Kanisa Katoliki. Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru, na wilaya zote zilitawaliwa na wazungu.

Jimbo jipya la Kisii

Mei 21, 1960, eneo la kusini la Jimbo la Kisumu lilikatwa na kuundwa Jimbo la Kisii. Otunga, akiwa na miaka 37, ndiye aliyekabidhiwa kuliongoza. Jimbo hilo lilikuwa kubwa. Liliwajumuisha Abagusii wa milimani, Waluo wa Nyanza Kusini hadi ufuoni mwa Ziwa Victoria, na Wakuria waliopakana na nchi ambayo leo ni Tanzania.

Ukatoliki haukuwa mgeni huko. Wamishonari wa Mill Hill walikuwa wamefungua misheni ya Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka wa 1911. Waadventista Wasabato walifuata Nyanchwa mwaka wa 1912, na baadaye Walutheri kutoka Uswidi wakajenga misheni yao Itierio, si mbali na Suneka. Mwanzo haukuwa mwepesi. Abagusii walikuwa wamepigwa vibaya na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1908, na imani iliyokuja baada ya bunduki haikuaminiwa haraka. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka na Wajerumani wakaingia Kisii Septemba 1914, wananchi walitumia nafasi hiyo kuvamia ofisi za serikali, maduka na pia misheni.

Nusu karne baadaye, askofu aliyefika kuwaongoza Wakatoliki wa eneo hilo hakuwa mzungu. Hata hivyo, alikuwa mgeni. Lugha yake ya mama haikuwa Ekegusii, haikuwa Dholuo, haikuwa Kikuria. Mwana wa chifu wa Wabukusu aliyekataa kuwatawala watu wa damu yake sasa alitakiwa kuwahudumia watu ambao hawakuwa na deni lolote kwa ukoo wa Namachanja. Katika milima ya Kisii jina la Sudi halikumfungulia mlango wowote.

Suneka ilikuwa, na bado ni, mahali panapoeleza ugumu wa kazi hiyo. Mtu akisimama hapo huwa na Abagusii nyuma yake na Waluo mbele yake. Jamii hizo mbili zimeuziana nafaka, ndizi, samaki na mifugo tangu jadi. Zimeoana pia. Lakini mipaka yake imekuwa na ugomvi wa mara kwa mara, na miaka ya kuelekea uhuru ilikuwa na wasiwasi mwingi kuhusu nani angepata nini katika serikali mpya. Jimbo lililounganisha pande zote mbili chini ya mchungaji mmoja lilikuwa jaribio la kuonyesha kwamba ubatizo unaweza kuwa na nguvu kuliko mpaka wa wilaya.

Otunga alikuwa bado mgeni Kisii alipoitwa Roma kuhudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioanza Oktoba 1962 na kumalizika Desemba 1965. Kati ya vikao hivyo, Kenya ilipata uhuru, Desemba 12, 1963. Askofu aliyeondoka katika koloni alirejea kwenye taifa huru, na Kanisa alilolirudia nalo lilikuwa likibadilika. Mtaguso uliruhusu ibada ifanywe kwa lugha za wenyeji. Wakatoliki wa Kisii waliokuwa wamezoea kusikiliza Misa ya Kilatini wakiwa wamepiga magoti bila kuelewa maneno, walianza kuisikia na kuiimba kwa lugha ambazo mama zao waliwaimbia utotoni.

Elimu ndiyo kazi iliyoacha alama inayoonekana zaidi. Huko Mosocho, upande wa pili wa mji wa Kisii, iko shule ya upili ya wavulana inayobeba jina lake hadi leo, Cardinal Otunga, ambayo mabruda wa shirika la CMM kutoka Tilburg, Uholanzi, waliifanyia kazi. Vizazi vya wavulana wa Kisii, wakiwamo waliotoka Suneka na vijiji vya jirani, wamelitamka jina hilo kila siku, pengine bila kujua kwamba mwenye jina alianza safari yake kwa kukataa kuitwa mtawala.

Jambo moja lililompa faraja lilitokea katika familia. Babake, aliyetaka mwanawe arithi uchifu, alikuja kukubali ubatizo katika miaka yake ya uzeeni. Mzee aliyempoteza mrithi akampata mwanawe kwa njia nyingine.

Kofia nyekundu

Novemba 1969 Otunga aliondolewa Kisii na kupelekwa Nairobi akiwa Askofu Mkuu Mwandamizi, yaani mwenye haki ya kumrithi Askofu Mkuu John Joseph McCarthy, mmishonari kutoka Ireland. Kisii ilikabidhiwa Askofu Tiberius Charles Mugendi. Oktoba 24, 1971, McCarthy alipong'atuka, Otunga alichukua usukani wa Jimbo Kuu la Nairobi.

Machi 5, 1973, Papa Paulo wa Sita alimfanya Kadinali. Kabla yake, Afrika Mashariki ilikuwa imempata Kadinali Laurean Rugambwa wa Tanzania mwaka wa 1960. Kwa Kenya, Otunga alikuwa wa kwanza.

Hapo ndipo jaribio lake la pili lilipoanza. Kadinali huitwa mwanamfalme wa Kanisa. Hupishwa njia, hupewa kiti cha mbele katika sherehe za serikali, huamkiwa na marais. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa jiji la watu waliokuwa wakitajirika haraka. Mashamba yaligawiwa, majumba yakajengwa, na wenye vyeo walijua jinsi ya kujifaidi. Mtu aliyekuwa na hadhi ya Otunga hangekosa marafiki wa kumrahisishia maisha. Waliomfahamu humkumbuka kama mtu mpole, mwenye maneno machache, wa sala nyingi na ibada kubwa kwa Bikira Maria, asiyejilimbikizia mali. Sifa hiyo haikuwahi kufutika hata miongoni mwa waliopingana naye.

Mwaka wa 1978 ulimweka katika hali ngumu kama Mkenya na kama kiongozi wa Kanisa. Papa Paulo wa Sita alifariki Agosti 6. Siku 16 baadaye, Agosti 22, Rais Jomo Kenyatta akafariki. Taifa lilipokuwa likimwomboleza rais wake wa kwanza, Otunga alitakiwa kuwa Roma, ndani ya mkutano wa siri wa makadinali uliomchagua Papa Yohana Paulo wa Kwanza Agosti 26. Papa huyo aliishi siku 33 tu katika wadhifa huo. Oktoba, Otunga alirudi tena Roma, na safari hii makadinali wakamchagua Karol Wojtyla wa Poland, aliyejiita Yohana Paulo wa Pili.

Papa huyo alizuru Kenya mara tatu Otunga akiwa mwenyeji wake jijini Nairobi: Mei 1980, Agosti 1985 wakati wa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, na Septemba 1995 baada ya Sinodi ya Maaskofu kuhusu Afrika. Tangu 1981, Otunga pia alikuwa na jukumu la kuwasimamia kiroho wanajeshi Wakatoliki wa Kenya.

Misimamo iliyogawanya watu

Itakuwa si haki kumchora kama mtu aliyependwa na wote. Katika miaka ya 1980 na 1990, Kenya ilipokuwa chini ya chama kimoja na baadaye katika vuta nikuvute ya vyama vingi, viongozi wa makanisa walikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kuikosoa serikali hadharani. Majina yaliyosikika zaidi yalikuwa ya Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari wa Kanisa la Kianglikana, na Ndingi Mwana a'Nzeki wa Kanisa Katoliki. Otunga hakuwa mtu wa makabiliano. Maaskofu Wakatoliki walipotoa barua za kichungaji kudai mageuzi mapema miaka ya 1990, alikuwa mmoja wao, lakini wako waliotamani sauti ya Kadinali isikike kwa ukali zaidi.

Sauti yake ilisikika zaidi katika suala jingine. Alipinga vikali mipira ya kondomu, vidonge vya kupanga uzazi na mafunzo ya ngono shuleni. Agosti 1996, jijini Nairobi, aliongoza hafla ambapo kondomu na vitabu vya mafunzo hayo viliteketezwa kwa moto. Ukimwi ulikuwa ukiua watu wengi nchini wakati huo. Wahudumu wa afya na wanaharakati walimshutumu, wakisema hatua hiyo ilihatarisha maisha. Wafuasi wake nao walimwona kama mtu aliyetetea mafundisho ya Kanisa bila kujali kama angepoteza umaarufu. Mjadala huo haujafungwa hadi leo, na hakuna anayeweza kusimulia maisha yake kwa ukweli akiuruka.

Hata wapinzani wake, hata hivyo, hawakuweza kusema kwamba aliwadai wengine kujinyima huku yeye akijipendelea. Aliyewataka waumini wabebe mzigo mzito alikuwa mwenyewe ameubeba wake tangu ujanani.

Nyumba ya Wazee

Sheria ya Kanisa humtaka askofu awasilishe barua ya kujiuzulu anapofikisha miaka 75. Otunga alistaafu Aprili 21, 1997, akiwa na miaka 74, na Ndingi Mwana a'Nzeki akachukua nafasi yake.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kilichowagusa Wakenya wengi, wakiwamo wasio Wakatoliki. Kadinali mstaafu hakosi nyumba nzuri, gari na wahudumu. Otunga alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee jijini Nairobi, makao yanayoendeshwa na masista wa shirika la Wadogo wa Maskini. Shirika hilo lilianzishwa Ufaransa na Jeanne Jugan mwaka wa 1839, baada ya kumchukua nyumbani kwake mwanamke mzee kipofu asiyekuwa na wa kumtunza. Masista wake huwatunza wazee maskini kwa kutegemea sadaka, na wenye maduka na masoko huwafahamu kwa sababu wao hupita wakiomba chakula na mahitaji kwa ajili ya wazee wao.

Humo ndimo mwana wa Sudi Namachanja alimoishi miaka yake ya mwisho, kati ya wazee ambao wengi wao hawakuwa na watoto wa kuwatembelea wala shamba la kurudia. Mila zingemhesabu naye kuwa mtu wa namna hiyo: mzee asiye na mke, asiye na mtoto wa kumzaa, anayekula chakula cha kuombwa. Alikuwa ameyajua hayo tangu ujanani alipokataa uchifu. Uzeeni aliyapokea bila kutafuta njia ya kuyakwepa.

Alifariki jijini Nairobi mnamo Septemba 6, 2003, akiwa na miaka 80.

Kaburi la wamishonari

Kwa matakwa yake, hakuzikwa ndani ya kanisa kuu, mahali ambapo maaskofu wakuu hulazwa kwa heshima. Alizikwa Msongari, katika makaburi ya wamishonari karibu na kanisa la Mtakatifu Austin, misheni iliyofunguliwa mwaka wa 1899 na Mapadri wa Roho Mtakatifu. Katika makaburi hayo ndimo alimolazwa pia Edel Quinn, mwanamke kutoka Ireland aliyesambaza Lejio ya Maria Afrika Mashariki huku akiugua kifua kikuu, na aliyefariki Nairobi mwaka wa 1944. Otunga alichagua kulala kati ya watu walioacha nyumba zao na hawakurudi.

Hakuachwa hapo. Baadaye Kanisa lilifukua mabaki yake na kuyahamishia bustani ya sala ya Resurrection huko Karen, ili mahujaji wapate mahali pa kumwombea na kuomba kupitia kwake. Hatua hiyo haikupokelewa vyema na wote. Kwa Wabukusu, kumsumbua aliyekwisha kulazwa si jambo dogo, na malalamiko yalisikika. Nia ya Kanisa ilikuwa kumtukuza. Lakini mtu aliyetumia maisha yake yote kukikwepa kiti cha mbele alipewa kiti cha mbele hata kaburini.

Wakati wa Kadinali John Njue, utaratibu wa kumtangaza mwenye heri ulianzishwa, na sasa Wakatoliki humwita Mtumishi wa Mungu. Utaratibu huo huchukua miaka mingi. Kila jambo alilolitenda na kulinena huchunguzwa, pamoja na yale yaliyowagawanya watu.

Wakati Roma ikiendelea kuchunguza, kazi yake katika nchi ya Kisii imeendelea bila kungoja hukumu. Jimbo alilolianzisha lilikua hadi likagawanywa mwaka wa 1993, Waluo na Wakuria wakapata Jimbo la Homa Bay, na Kisii likabaki la Abagusii wa Kisii na Nyamira. Leo mpaka wa majimbo hayo mawili umo katika miteremko ile ile inayoonekana kutoka Suneka. Wakatoliki walio pande zote mbili wana mizizi katika jimbo moja, na mchungaji wao wa kwanza alikuwa mgeni ambaye hakuzaliwa upande wowote kati ya hizo.

Jina la Simiyu halikupata mtoto wa kulibeba katika nyumba yake. Lakini kila Januari shule zinapofunguliwa, wavulana wapya huingia lango la Mosocho na kuandika jina la Otunga kwenye vitabu vyao, na makasisi waliozaliwa katika vijiji alivyovipitia wanaendelea kusoma Misa kwa Ekegusii.